Pai Iliyolala Upande

Saa kumi alasiri, jua la Arizona linapoanza kulegea, watu wa kambi ya Ocotillo hutoa viti nje. Hawavitoi ili wapumzike. Wangetaka kupumzika wangebaki ndani na feni zao. Wanavitoa kwa sababu ndiyo saa ambayo wageni huingia langoni na magari-nyumba yao, na hakuna sinema inayoshinda kumtazama mzee mwenye goti bovu akihangaika kulisimamisha dude lenye ukubwa wa basi, likae sawasawa juu ya changarawe, huku mkewe akipunga mikono kwa nyuma na ndoa yao ikipungua kwa kila mpungo.

Kiti kilichokaa mbele ya viti vyote kilikuwa cha Verlyn Tostrud. Verlyn alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kukagua magari yaliyoegeshwa. Kamati yenyewe ilikuwa na mwanachama mmoja, na mwanachama huyo alijichagua mwenyewe bila kupingwa. Mfukoni mwa shati, pale ambapo wenzake waliweka vidonge vya moyo, yeye aliweka pimamaji, kijibomba cha kioo chenye kiputo cha hewa kinachokaa katikati pale tu kitu kinapolala sawa. Aliliweka pimamaji hilo juu ya meza za watu, juu ya ngazi zao, na mara moja, kwenye mazishi, juu ya jeneza.

Siku hiyo ya Januari mgeni alikuwa Emmet Rusk, mstaafu mpole kutoka Nebraska. Alibonyeza vitufe vyake, jeki nne zikashuka kutoka tumboni mwa gari, gari likanyanyuka, likatulia. Emmet akashuka akitabasamu.

"Simama hapo hapo!" Verlyn alinguruma kutoka kitini. "Hebu inama. Unaona nini chini ya tairi la nyuma?"

Emmet aliinama. "Sioni kitu, mzee."

"Ndiyo maana yake! Unaona hewa. Na breki yako ya kuegeshea inashika magurudumu yapi?"

Emmet alimtazama mkewe kama mtoto aliyesahau jibu darasani. "Ya... nyuma?"

"Ya nyuma. Sasa imeshika nini? Imeshika hewa! Gari lako limesimama juu ya vijiti vinne kama mbuzi juu ya meza. Upepo ukipiga chafya tu, unalifuata barabarani. Shusha! Kama ardhi imeinama, panga mbao kwanza, pandisha tairi juu ya mbao, halafu ndiyo jeki. Jeki ni za kutuliza, si za kubeba. Tairi haliachi ardhi. Rudia."

"Tairi haliachi ardhi," Emmet alisema, na masikio yamemwiva.

Viti vikapiga makofi. Gaylord Pruett, jirani wa kulia, aliyeuza matrekta ya mitumba huko Oklahoma maisha yake yote na hakuwahi kumsifu mtu bila kumuuma, akatikisa kichwa. "Mzee Verlyn, siku ukifa tutakuzika na hilo pimamaji lako, ili tujue umelala sawa."

Verlyn alicheka na wenzake. Moyoni hakucheka. Kwa sababu wakati huo huo, hatua chache nyuma ya kiti chake, gari-nyumba lake mwenyewe lilikuwa linazama.

Mkosi huo ulianza Novemba, siku aliyowasili na mkewe Ardis kutoka Minnesota, wakikimbia theluji kwa mwaka wa tatu, kama wenzao wote. Viti vilikuwa nje. Verlyn alibonyeza kitufe mara moja tu, gari likainuka, kiputo kikaenda moja kwa moja katikati kikakaa pale kama bibi harusi. Hakuwahi kutokea mtu wa kupata usawa kwa mbonyezo mmoja. Gaylord mwenyewe aliinuka akapiga makofi.

Makofi yale yakamharibu. Ocotillo haina mabomba ya maji machafu. Maji ya sinki na ya kuogea hujaa kwenye tangi chini ya gari, na likijaa mtu ana njia mbili. Anyanyue jeki, aendeshe gari zima mpaka kwenye shimo lililo karibu na lango, amwage, arudi aanze tena kutafuta usawa mbele za watu; au amwage tangi lake kwenye kitangi cha magurudumu na kukikokota mpaka shimoni, kikitikisika na kunuka, mbele ya viti vile vile. Verlyn aliziangalia njia zote mbili akaona hazimfai. Kulisogeza gari lililopigiwa makofi? Kamwe. Kukokota maji machafu yeye, mwenyekiti? Bora afe amesimama.

Basi akaanzisha njia yake ya tatu. Kila jioni, watu wakiwa wamekodolea macho taarifa ya habari, alichomeka mpira mfupi wa maji kwenye koki ya tangi, akauelekeza chini ya kona ya nyuma upande wa kulia, akafungua kidogo. Sheria ya kambi ilikataza jambo hilo kwa herufi kubwa nyekundu, na herufi hizo alizipaka rangi yeye mwenyewe.

"Ni maji ya vyombo tu," alijiambia. "Jangwa hili lina kiu tangu liumbwe."

Jangwa likanywa. Likanywa Novemba, likanywa Desemba, na lilipokinai likageuka tope. Juu ya tope kulikuwa na ubao, juu ya ubao kulikuwa na mguu wa jeki, na juu ya jeki kulikuwa na kitanda, jiko na ndoa ya Verlyn Tostrud.

Wa kwanza kugundua hakuwa pimamaji. Ilikuwa pai.

Ardis hakutaka kuuza nyumba yao ya Minnesota, yenye sakafu ya mbao aliyoipigilia baba yake. Alikubali kwa sharti moja, alilolitamka akiwa amesimama katikati ya sakafu hiyo. "Naweza kuishi kabatini, Verlyn. Nimekuzoea, nitazoea na kabati. Lakini sitaishi kwenye mteremko. Siku nikiona sakafu inanikimbia, naenda kwa Lavonne." Lavonne alikuwa dada yake. Alikuwa na chumba kitupu, na hakuwahi kumpenda Verlyn hata siku moja.

Na Ardis alikuwa na kipimo chake. Alipika pai ya kastadi, ya mayai na maziwa, ambayo huingia katika joko ikiwa maji maji na kutoka imeganda. Maji hayana adabu wala woga. Huonyesha sakafu ilivyo. Katikati ya Januari pai ilitoka nene upande mmoja kama godoro, na upande wa pili nyembamba kama karatasi, tena imeungua.

"Pai hii imelala upande," Ardis alisema.

"Mayai," Verlyn alijibu haraka. "Mayai ya huku si kama ya kwetu."

"Mayai yamehamia kulia?"

"Labda joko. Majoko ya magari haya, mke wangu, unajua mwenyewe."

Ardis alikata pai, akampa mumewe upande ule ulioungua.

Kuanzia hapo Verlyn akawa mtu wa kuiba sentimita. Ardis akienda kufua, yeye anabonyeza kitufe. Kona inapanda, kiputo kinarudi. Kesho yake kona imeshuka tena. Mlango wa chumba cha kulala ukaanza kujifungua wenyewe, taratibu, kama mzimu mwenye heshima. Kioo cha mbele kikapata ufa pembeni, kwa sababu fremu ilikuwa inajipinda. Verlyn akasema ni jiwe la barabarani, ingawa gari halijaona barabara tangu Novemba.

Kisha nyasi zikaota. Changarawe yote ya Ocotillo ilionekana kavu kama biskuti, lakini chini ya kona ya nyuma ya Verlyn palikuwa na kijani kibichi. Wakaja kwale, familia nzima, wakijitapa na vishungi vyao. Ardis akapiga magoti akawatupia makombo.

"Unaona, Verlyn? Kambi nzima hii, ndege wamependa kwetu."

"Wanajua watu wema," alisema Verlyn, na hakuona aibu papo hapo. Aibu ilimjia baadaye, akipiga mswaki, na maji ya mswaki yakishuka kule kule.

Jumamosi ya mwisho wa Januari yalikuwa mashindano ya pai. Siku mbili kabla, Ardis alikaa kitandani, upande wake wa kitanda, ambao sasa ulikuwa upande wa chini.

"Usiku sipati usingizi," alisema. "Natelezea ukutani kama begi ndani ya basi. Sasa nisikilize. Pai ya Jumamosi ikitoka imelala, nampigia Lavonne."

"Utaniacha kwa sababu ya pai?"

"Kwa sababu ya sakafu. Pai ni shahidi tu."

Verlyn alimjua mke wake. Ardis hakuwa mtu wa kutishia. Alikuwa mtu wa kutangaza.

Ijumaa, Ardis alipokwenda dukani na Murielle, jirani yao wa kushoto, Verlyn aliweka pimamaji juu ya jiko akaanza kubonyeza. Kona ya kulia ilipanda, ikasita, ikazama. Akabonyeza tena. Mguu wa jeki uliingia kwenye tope kwa sauti ya ng'ombe anayekunywa. Akabonyeza tena na tena, jeki zote za nyuma zikanyooka mpaka mwisho wake, na kiputo, kama kinamhurumia, kikaja katikati.

Akashuka kutazama. Akainama. Kati ya tairi la nyuma na ardhi ulipita mkono wake, ukapita na pimamaji.

Alijua anachokiona, alikuwa amewafokea watu kwa ajili yake majira matatu ya baridi. Alijua pia dawa yake. Kunyanyua jeki, kulisogeza gari mpaka palipo pakavu, kuweka mbao pana, kuanza upya. Kazi ya saa moja. Saa moja mbele ya viti, na Gaylord akiuliza kisa.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Halafu akachukua vyungu vya maua vya Ardis, akavipanga vizuri mbele ya magurudumu ya nyuma, kimoja baada ya kingine, mpaka hewa ile ikawa bustani.

"Ni mpaka kesho jioni," aliviambia vyungu. "Pai ikitoka, nashusha."

Jumamosi, pai ikatoka. Ardis aliiweka mezani akaizunguka. Ilikuwa bapa kama kidimbwi asubuhi, ya dhahabu ukingo mpaka ukingo. Akaizunguka tena. Kisha akamshika Verlyn shavu kwa mkono wenye unga.

"Nilidhani unanidanganya," alisema. "Nisamehe, baba."

Kama Verlyn angesema ukweli wakati ule, hadithi hii ingekuwa fupi na yenye heshima. Lakini nje viti vilikuwa vimeshapangwa, meza ya mashindano imetandikwa kitambaa, kambi nzima imekuja, na Verlyn alikuwa amevaa shati jeupe. Alitoka kwanza, kama mwenyekiti, amshikie mkewe mlango.

Ardis alishuka ngazi ya kwanza, pai mikononi. Akashuka ya pili. Alipokanyaga ardhi, ngazi ilifyatuka juu kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, na mtikisiko ule mdogo ukapita ndani ya gari mpaka kona ya nyuma.

Gari-nyumba likaanza kwenda.

Halikukimbia. Liliondoka taratibu, kwa heshima zake, kama mgeni aliyeona ametosha. Lilisogea mbele, jeki zikajikunja chini yake, vyungu vikasagika kimoja kimoja, pa, pa, pa, halafu matako yake yote yakaketi kwenye tope kwa kishindo kilichorusha kwale mpaka juu ya paa la Gaylord. Ndani, kila sahani waliyopewa siku ya harusi ilisema neno lake la mwisho. Kutoka chini kikasikika kibubujiko, tangi limepasuka, na maji yaliyobaki humo yakatoka kuwaamkia watu.

Ardis alikuwa amesimama palepale, mzima. Pai ilikuwa mikononi mwake, nayo haikuinama.

Emmet Rusk ndiye aliyesema wa kwanza, na wala hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kama mwanafunzi. "Samahani, mzee. Breki ya nyuma ilikuwa imeshika nini?"

Viti vikalipuka. Watu walicheka mpaka meno ya bandia yakashikwa kwa mikono.

"Jeki mbovu!" Verlyn alipaza sauti juu ya kicheko. "Kiwanda! Nitawashtaki! Tena ardhi yenyewe, mnajua nyinyi, ardhi ya huku inadidimia, imeandikwa magazetini, jangwa lote linashuka..."

"Jangwa lote?" Gaylord aliinuka, akaenda na fimbo yake, akaichomeka kwenye tope, akaipeleka puani. "Ajabu. Jangwa lako linanukia sabuni ya limau."

Kicheko kingine. Ardis hakucheka. Alikuwa anaangalia nyasi. Aliangalia nyasi, akaangalia mpira mfupi uliochungulia kwenye tope, akaangalia kwale juu ya paa, na Verlyn akaona hesabu nzima ikipita usoni mwake.

"Kwale," alisema.

"Kwale gani, mke wangu?"

"Nimewalisha makombo siku zote hizi nikidhani wametupenda. Kumbe walikuja kunywa maji yangu ya vyombo." Hakupandisha sauti. "Verlyn, najua. Na wewe unajua kwamba najua. Lakini nataka uyaseme mwenyewe, hapa, mbele ya viti. Ukitaja kiwanda tena, au jangwa, simu iko mfukoni na Lavonne yuko nyumbani. Na pai naondoka nayo."

Verlyn aliwatazama watu wake. Aliona nyuso alizozifokea, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ya ubao mwembamba, kwa sababu ya kidole kimoja cha mwinamo. Ulimi wake ukaenda tena kwenye kiwanda, ukakigusa. Halafu akamtazama Ardis, ambaye alikuwa ameshika pai kwa mkono mmoja sasa, na mkono wa pili umeingia mfukoni.

"Ni mimi," alisema.

"Sauti, mzee!" kikasema kiti cha nyuma.

"Ni mimi! Ni maji ya vyombo. Na ya kuoga. Nayamwaga chini ya gari tangu Novemba." Shingo yake ilikuwa nyekundu kuliko herufi za sheria. "Sikutaka kulisogeza. Lilikaa sawa kwa mbonyezo mmoja. Mlinipigia makofi."

Akafumba macho kusubiri kicheko. Kicheko hakikuja.

Akafumbua jicho moja. Gaylord alikuwa bado amesimama na fimbo yake, lakini hakuwa anamtazama Verlyn. Alikuwa anatazama gari-nyumba lake mwenyewe, mahali fulani chini ya kona ya nyuma, ambapo kichaka kidogo kilikuwa kimenawiri kuliko vichaka vingine vyote vya jirani. Kwale wawili walikuwa wameshashuka kutoka paani na kuanza kukizungukia kama wenyeji.

"Nimeacha jiko linawaka," Gaylord alisema, akaondoka akitembea upesi kuliko alivyotembea miaka kumi.

"Hata mimi, simu yangu..." akasema mwingine, akakunja kiti.

"Mbwa hajala."

"Kuna jua kali leo."

Viti vikakunjwa, tap, tap, tap, safu nzima. Mashujaa wale wa changarawe wakatawanyika kila mtu kwenye kona yake ya nyuma, wakainama, wakachungulia, wakainuka wakijipangusa magoti kama watu waliodondosha funguo. Haukupita muda ukasikika mlio wa jeki zikinyanyuliwa, moja huku, nyingine kule, na injini ambazo hazikuwashwa tangu Novemba zikakohoa moshi mweusi. Jioni ile, kwa mara ya kwanza katika historia ya Ocotillo, foleni ya kwenda kwenye shimo ilifika barabara kuu. Gaylord alikuwa wa tatu, amevaa kofia yake mpaka puani.

Mezani wakabaki watu wanne. Emmet Rusk, ambaye alikuwa mgeni mno kuwa na la kuficha. Murielle, mjane kutoka Saskatchewan, ambaye kijumba chake kilijengwa juu ya zege na kuungwa bomba mpaka kwenye shimo lake mwenyewe la maji machafu, naye alicheka peke yake mpaka akakaa chini. Na wenye pai.

"Dada Ardis," Murielle alisema akijifuta machozi, "nadhani umeshinda mashindano."

Ardis aliweka pai mezani, akaikata. Alimpa Murielle, akampa Emmet. Alikaa kidogo na kisu mkononi, halafu akakata kipande cha tatu, akamwekea Verlyn kwenye sahani ya karatasi.

Verlyn alivuta kiti chake akakaa. Mguu mmoja wa kiti ukaingia kwenye tope, akalala upande, na hakujinyanyua. Alikula hivyo hivyo, kichwa kimeinama kama kuku anayesikiliza.

"Leo nalala kwa Murielle," Ardis alisema. "Sakafu yake haitembei."

"Na mimi?"

"Wewe una nyumba." Alielekeza kisu kwenye gari lililoketi kwenye maji yake, pua juu. "Mteremko wa kutosha. Jumatatu watakuja kulivuta. Kabla hawajalivuta utaazima pipa na kitangi cha magurudumu, utayachota maji hayo yote kwa ndoo, utayakokota wewe mwenyewe mpaka langoni."

"Asubuhi mapema?"

"Saa kumi alasiri. Viti vikiwa nje."

Verlyn akatafuna taratibu. Pai ilikuwa tamu na unene wake ulikuwa mmoja, kuanzia ncha mpaka ukoko.

"Na Lavonne?" aliuliza.

Ardis alitoa simu mfukoni, akaiweka mezani, katikati yao, kioo kikiangalia juu.

"Lavonne atangoja mpaka Jumatatu," alisema. "Kula."